Tupeane uzoefu: mimea, mwanga na hewa ndani ya nyumba, kipi kimekusaidia kweli?

#1 (mwanzisha uzi)
Wakuu, nianze mimi. Niliwahi kujaza sebule vyungu 14 baada ya kusikia mimea inasafisha hewa. Miezi miwili tu, chumba kinanuka ukungu na vijidudu vinaniruka puani. Kosa lilikuwa maji: namwagilia kila siku, visahani vimetuama, mizizi inaoza. Ndipo nikafuatilia habari yenyewe. Imetokana na utafiti wa NASA wa 1989, uliofanyika ndani ya masanduku yaliyofungwa hewa isipite. Sebule yangu ina mlango na madirisha! Uchambuzi wa 2019 ulikadiria kwamba, ili mimea isafishe hewa sawasawa na upepo unaopita wenyewe ndani ya jengo, utahitaji kati ya vyungu 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Sasa mwenye nyumba atakaa wapi? Nimebakiza vitano, kwa raha ya macho tu. Nyie je?

#2
Pole mkuu. Mimi niliponzwa na difenbakia, lile la majani mapana yenye mabaka meupe. Mwanangu alitafuna jani, mdomo ukavimba, kilio usiku kucha. Daktari akanieleza lina chembe kali kama sindano zinazochoma ulimi na koo. Alipona, ila mmea ulitoka siku hiyohiyo. Na wenye paka, msiweke maua ya lili ndani: hata chavua yake inaua figo za paka.

#3
Kwangu hakuna chungu hata kimoja, nilihamisha kabati tu. Lilikuwa limeziba nusu ya dirisha miaka yote, nasi taa tunawasha mchana! Meza ya kazi sasa iko hapo, inatazama mti wa jirani. Sisemi ni dawa, ila kuna utafiti wa Roger Ulrich wa 1984 kuhusu wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo: walioona miti dirishani waliruhusiwa mapema na walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mti wenyewe si wangu, namwombea jirani asiukate.

#4
Nyongeza kidogo: si kila kinachofanana na mbao ni mbao. Nilinunua kabati jipya "la mbao", kumbe ni chenga zilizoshikwa kwa gundi. Macho yaliwasha wiki nzima. Fundi akaniambia ni fomaldehidi, gesi inayowasha, inayotoka kwenye gundi. Nililiacha wazi, madirisha wazi, mpaka harufu ikaisha. Kiti cha mbao halisi nilichorithi hakijawahi kunisumbua.

#5
Mawe ya mtoni bafuni. Mazuri sana. Yaliota utelezi, nikaanguka. Nimeyarudisha nje.

#1
😂 Pole #5. Nimesahau kusema: siku hizi nachomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, simwagilii. Halafu #4, hilo kabati lilichukua muda gani mpaka harufu kuisha? Langu lina wiki ya tatu.