Kutoa kizingiti cha bafu ili mama aingie na kitimwendo, maji hayatakuja kolido?

Binti_Uyole
Habari za jioni wadau, naombeni mawazo. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto hauna nguvu na hausikii vizuri, anatumia kitimwendo na hatua mbili tatu akishikwa. Bafu letu hapa Uyole ni dogo, mita 1.5 kwa 2, mlangoni kuna kizingiti cha tofali ukishakivuka unashuka ndani kama sentimita 5, tundu la maji liko ukuta wa mwisho. Kila siku tunambeba mimi na mdogo wangu, juzi nusura tuanguke wote watatu, mama akaanza kulia anasema tumwache awe anaogea chumbani kwenye beseni. Sitaki tufike huko. Nataka sakafu iwe sawa na kolido ila fundi niliyemwita kasema haiwezekani, maji yote yataishia sebuleni. Ni kweli jamani?

Fundi_Kihesa
Pole sana dada, mama naye mpe pole. Inawezekana, tena hizo sentimita 5 ndo mtaji wako. Kinachozuia maji yasitoke ni slopu, kizingiti ni cha ziada tu. Kila mita moja ishuke sentimita 2, wewe toka mlangoni hadi kwenye tundu ni mita 2, kwahiyo sentimita 4, zinatosha bila hata kuchimba jamvi la zege la chini. Abandue marumaru zote za zamani, avunje kizingiti, aanze usawa wa kolido ateremke moja kwa moja mpaka kwenye tundu, na wewe simama hapo na pima maji, kile kifaa cha kuangalia usawa, maana wengi wanakadiria kwa macho.

Kabla ya marumaru ipakwe wotaprufu, ile dawa ya kuzuia maji yasipenye, sakafu nzima, ipande ukutani, upande wa shawa ifike juu ya kichwa. Hii baridi ya huku haikauki haraka kama Dar, msimkimbize. Ikikauka zibeni tundu, jazeni maji mpaka karibu na mlango, pigeni alama ya penseli ukutani muache siku nzima. Yakishuka chini ya alama kuna mahali panavuja, hapo marumaru hazipandi. Fundi akikataa kufanya hivyo tafuta mwingine.

Marumaru chukua zile ndogo zenye kukwaruza, zinazong'aa usiguse.

Mama_wa_Mafinga
Mdogo wangu, nilimuuguza baba miaka mitatu, mlango nao upime. Wa kwetu ulikuwa sentimita 70, kiti kinapita ila vidole vinachubuka kila siku, tukapanua mpaka 90. Na ufungukie nje, maana mgonjwa akidondokea mlango kwa ndani huwezi kuusukuma.

Bomba la kushikilia liwe upande wa mkono wake mzima, lifungwe kwa bolti ndani ya tofali, sio kwenye plasta, litabeba uzito wake wote. Kiti cha plastiki cha kawaida kinateleza, tafuta chenye miguu ya mpira.

Halafu maji ya moto, hapa nakusihi. Ule upande usiosikia unaweza kuungua na yeye asijue. Baba aliungua paja, tukaja kuona lengelenge jioni wakati wa kumvalisha. Yapime wewe kwanza kwa kiwiko, kisha yeye kwa mkono mzima, ndo umwagie.

Binti_Uyole
Asanteni mno, hilo la maji ya moto hakuna mtu aliwahi kutuambia hata siku tulipotoka hospitali. Nimepima mlango ni 72, utapanuliwa. Bomba nilitaka nipime kwa urefu wangu nikaona hapana, nimemkalisha mama kwenye kiti pale pale bafuni nikamwambia nyoosha mkono wa kulia ushike unapotaka mwenyewe ukiwa unainuka. Kashika, akasukuma kidogo, akasogeza chini kidogo, akasema "hapa". Nimeweka alama ya chaki, ni sentimita 83.