Kwasari, blazari, Seyfert: kila moja ni galaksi ya aina yake?

Mwalimu wa Fizikia, Singida
Wakuu, naomba msaada. Wanafunzi wangu wanauliza kwa nini galaksi zenye nguvu kupita kiasi zina majina mengi: Seyfert, kwasari, blazari, galaksi za redio. Ni vitu tofauti kweli?

Mtazama Anga
Mwalimu, chanzo ni kimoja: shimo jeusi kubwa (kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki) katikati ya galaksi. Gesi inayovutwa haitumbukii moja kwa moja. Inalizunguka, inasuguana, inapata joto kali na kung'aa mno. Majina yamezidi kwa sababu kila kundi liligunduliwa kwa njia yake. Mwanaastronomia Carl Seyfert alieleza zake mwaka 1943 kwa kuchunguza mwanga wa viini vyake. Wenye antena za redio wakakuta nyingine.

Kwasari, yaani viini vya galaksi vinavyong'aa kupita vyote, ndizo zinazonisisimua zaidi. Mojawapo, 3C 273, iliyoko katika kundinyota la Mashuke, huonekana kama nyota tu. Mwaka 1962 Mwezi uliifunika, na darubini ya redio ya Parkes, Australia, ikanasa wakati mawimbi yake yalipokatika. Hivyo mahali pake pakajulikana barabara. Mwaka uliofuata mwanaastronomia Maarten Schmidt akatambua kuwa mistari ya ajabu katika mwanga wake ni ya haidrojeni, imesogea kuelekea wekundu kwa asilimia 16 hivi. Mistari ikisogea zaidi, kitu kiko mbali zaidi. Kumbe iko mbali zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka)!

Kijana wa Tanga
Na blazari?

Mtazama Anga
Baadhi ya mashimo hayo hurusha mikondo ya chembe kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Mkondo ukituelekea tunaona blazari, kama lori lililokuwashia taa kamili usoni. Ukienda ubavuni, tunaita galaksi ya redio. Ila pembe haielezi yote, mwalimu, wasikariri hivyo: kiasi cha gesi kinacholiwa nacho ni muhimu, na kwasari zinakula sana.

Mwalimu wa Fizikia, Singida
Asante sana ndugu. Ipo tunayoweza kuiona wenyewe?

Mtazama Anga
Ipo! Galaksi ya redio Centaurus A, miaka ya nuru milioni 12 hivi. Katikati ya Mei, saa tatu usiku, tazameni kusini, juu ya kundinyota la Salibu, kushoto kidogo. Kwa darubini ya macho mawili ya 7x50 tafuteni kwanza Omega Centauri, kishada kikubwa cha nyota, kisha pandeni nyuzi 4 na nusu. Itakuwa doa hafifu la ukungu. Chagueni usiku usio na Mwezi, mbali na taa za mji.