Usawa wa kijinsia: tuongeze somo jipya au tubadilishe shule yenyewe?

Wadau, kuna wanaotaka usawa wa kijinsia uwe somo kamili la sekondari, lenye kitabu chake, kipindi chake na mtihani wake. Mimi napinga, ingawa naamini kabisa kwamba usawa lazima ufundishwe shuleni.

Ingieni maabara wakati wa jaribio la kemia. Wanafunzi wanne, meza moja. Mvulana kashika bureti, ule mrija wa kioo wenye koki wa kupimia kimiminika, mwenzake anasoma kipimo, wasichana wawili wanaandika matokeo kwa sababu eti wana mwandiko mzuri. Mwalimu anapita, anaona kazi inakwenda, anasonga mbele. Muhula unaisha hivyo hivyo, na msichana anafika kwenye mtihani wa vitendo bila kuwahi kufungua koki ya bureti kwa mkono wake. Kipindi cha usawa kitamwambia anaweza kuwa mhandisi. Atanakili, atakariri, atapata alama. Bureti itabaki kwa mvulana.

Zamu za usafi ni hivyo hivyo, na uteuzi wa viranja pia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ibara ya 10, hauagizi somo jipya. Unataka vitabu na programu za shule vipitiwe upya na mbinu za kufundisha zirekebishwe, ili dhana zilizoganda kuhusu nafasi ya mwanamume na mwanamke ziondoke. Hiyo ni kazi ya mwalimu wa hisabati na wa fizikia, si ya mwalimu mmoja aliyepachikwa kipindi cha Ijumaa mchana.

Wapo wanaosema uwezeshaji wa wasichana unawasahau wavulana. Wana hoja pale unapofanywa semina ya wasichana peke yao. Lakini zamu ikipangwa kwa haki, mvulana naye anafunzwa, maana anashika ufagio na kalamu ya kuandikia matokeo.

Jambo moja tu nalikubali litengewe kipindi chake: unyanyasaji wa kingono, sheria inasemaje na taarifa ipelekwe wapi. Hilo halijifunzi kwa kupanga zamu. Wote wasikie, wakiwa pamoja.

Ila hapo nakwama, na ndipo ninapotaka mawazo yenu: anayemsumbua mwanafunzi akiwa ni mwalimu wa shule hiyo hiyo, kipindi hicho akifundishe nani?