MJADALA: Anayefunga sekondari ana deni la kutunza kumbukumbu zake, au hilo ni la waliosoma pale?

Mleta mada

Wadau, naomba tujadili jambo ambalo limenikaa moyoni siku nyingi. Mwaka 1940 Marekani ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 117,000. Leo zimebaki kama 13,000. Kule wilaya ya shule ina bodi yake, kodi yake na majengo yake, kwa hiyo wilaya zilipokuwa zikiunganishwa, sekondari nazo zilikuwa zikifungwa. Nyingi zilikwenda kimyakimya. Mahafali ya mwisho mwezi wa tano, kiangazi kikapita, kisha watoto wakapanda basi kwenda kwingine.

Sababu zilikuwepo, sibishi. Barabara zilitengenezwa, mabasi yakapatikana, matrekta yakachukua kazi za mashambani na familia zikahamia mijini. Mwaka 1959 James Conant, aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa ripoti akitaka kila sekondari iwe na angalau wahitimu 100 kwa mwaka, la sivyo haitaweza kumpa kila mtoto masomo anayostahili. Mwaka huohuo jimbo la Indiana likapitisha sheria ya kupanga upya wilaya zake.

Ukitaka kuona sheria hiyo na nyakati zake zilifanya nini, tazama mashindano ya mpira wa kikapu ya jimbo hilo. Kwa miaka mingi shule zote zilicheza kombe moja, kubwa na ndogo. Mwaka 1954 Milan, shule ya wanafunzi 161, ilipoifunga Muncie Central 32 kwa 30 kwenye fainali, timu zilizoingia zilikuwa 751. Mwaka 1997, mara ya mwisho kombe kuchezwa hivyo, zilikuwa 382. Milan yenyewe ipo hadi leo. Lakini karibu nusu ya wenzake haipo, na kila moja ilikuwa na rangi zake, wimbo wake na mzee fulani anayekumbuka nani alikosa penalti mwaka gani.

Wingate, kijiji kidogo, kilichukua kombe hilo mwaka 1913 na 1914, na mara ya kwanza shule haikuwa hata na ukumbi wake wa kufanyia mazoezi. Baadaye ilimezwa na shule nyingine, nayo hiyo ikaja kumezwa na North Montgomery. Tazama jina: upande wa dira na jina la kaunti. Majina ya namna hiyo ni mengi Indiana, na naelewa yanakotoka. Vijiji vitatu vikigombania jina, kaskazini haina mwenyewe.

Na hapo bado sijafika penye kidonda. Baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1954 iliyoharamisha kutenga watoto kwa rangi, majimbo ya kusini yaliburuta miguu zaidi ya miaka kumi. Yalipolazimika kuunganisha, mara nyingi shule iliyofungwa ilikuwa ile ya weusi, hata kama jengo lake lilikuwa zuri kuliko la wenzao. Mwalimu mkuu akashushwa kuwa msaidizi. Inakadiriwa walimu na wakuu wa shule weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17 kati ya mwaka 1954 na 1965. Watoto wakaingia shule mpya wakakuta jina si lao, rangi si zao, wimbo si wao, na kabatini hakuna kikombe chao hata kimoja. Vikombe vyao sehemu nyingi vilitupwa.

Hoja yangu ni hii. Kufunga kunaweza kuwa sahihi, lakini anayefunga ndiye mwenye deni, na deni liandikwe ndani ya azimio lenyewe la kuunganisha: vikombe vinakwenda wapi, nani anatunza rejista na picha za mahafali, jina la zamani litasomeka wapi katika shule mpya. Lisiachiwe huruma ya mtu. Mnasemaje?

Mwalimu mstaafu

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa heshima, ila napinga.

Nimefundisha sekondari ndogo, darasa la mwisho lilikuwa na wanafunzi kumi na tisa. Nilikuwa na hesabu, fizikia na kemia, na alasiri nasimamia riadha. Mwaka mmoja msichana mmoja alitaka hesabu za juu kabla ya kwenda kusomea uhandisi. Hakukuwa na wa kusoma naye, na ratiba haikuwa na nafasi. Nilimfundisha saa ya chakula cha mchana, yeye ana mkate wake mimi nina wangu, chaki na makombo pamoja. Tulifika nusu ya kitabu. Alipofika chuoni aliniandikia kwamba wenzake wote walishakimaliza.

Barua ile ninayo. Tulipounganishwa, shule mpya ilikuwa na walimu watatu wa hesabu, na masomo yale yakafundishwa kama masomo mengine yoyote, darasani, saa tatu asubuhi. Watu waliolia siku ya kufunga walikuwa wanalilia timu. Sikumsikia hata mmoja akililia fizikia.

Sasa wewe unataka kila azimio la kuunganisha libebe gharama za makabati, picha na hifadhi. Fedha hiyo inatoka mfuko uleule wa vitabu. Waliosoma pale ni watu wazima, wana kazi. Wafanye umoja wao, wachange, watunze vyao. Bodi ya shule ina deni kwa mtoto aliyepo darasani leo, si kwa aliyemaliza mwaka 1962.

Mleta mada

Mwalimu, shikamoo. Habari ya yule binti imenigusa na sitajaribu kuipunguza. Ila niulize: kabati la kioo na rafu moja ya rejista linakula vitabu vingapi? Bodi zinazounganisha shule mara nyingi hujenga jengo jipya kabisa, la mamilioni ya dola. Humo ndani kukosekane ukuta mmoja?

Dereva

Salaam kwenu wote. Mimi naendesha basi la shule huku Marekani, sehemu ya mashamba, jina la mahali naliacha. Niliingia kazini baada ya kuunganishwa, kwa hiyo ile shule ya zamani sikuijua ikiwa hai. Naijua kama kituo.

Naam, kituo. Sehemu ya kugeuzia basi ni palepale mbele ya jengo lililofungwa, maana ndipo penye uwanja wa kutosha. Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi nasimama pale. Miezi ya baridi bado ni giza, taa za basi zinapiga kwenye matofali mekundu na juu ya mlango unasoma jina la shule limechongwa kwenye jiwe, na mwaka. Wanasubiri watoto watano, wamesimama kwenye ngazi za shule. Ngazi zimelika katikati kwa miguu ya watu. Wanapanda, nageuza, halafu tuna dakika hamsini barabarani hadi shule mpya. Kuna kijana mmoja wa miaka kumi na minne ambaye akishakaa tu anaegemeza paji la uso kwenye kioo, tukifika kuna alama ya jasho na mvuke mahali pale pale kila siku.

Siku moja kijana huyo aliniambia babu yake alisoma kwenye jengo lile. Nikamuuliza, alicheza mpira? Akasema hajui, picha hazijulikani zilipo. Babu ameshafariki.

Mwalimu, nakubali fizikia ni muhimu, na shule mpya ni nzuri, nimeiona maabara yake. Lakini mtu asiseme suala ni timu tu. Pale palikuwa na mikutano ya kijiji, chakula cha msiba, kupiga kura. Duka lililokuwa ng'ambo lilifungwa miaka miwili baada ya shule, hivyo ndivyo wenyeji wanavyoniambia.

Mchangiaji wa nne

Kuna kitu mleta mada amekipita haraka. Tukisema kila shule iliyofungwa itunziwe kumbukumbu, tunazungumzia pia sekondari za weupe peke yao zilizobandikwa majina ya majenerali waliopigania utumwa uendelee. Hizo nazo tuzitundikie picha ukutani, mtoto mweusi apite chini yake kila asubuhi? Kumbukumbu si kitu kizuri kwa sababu tu ni kumbukumbu.

Na lingine. Arkansas, wilaya ya Lake View, maskini, ya watu weusi, iliishtaki serikali ya jimbo mwaka 1992 kwamba fedha za shule zinagawanywa bila haki. Walihangaika miaka kumi, mwaka 2002 Mahakama Kuu ya jimbo ikawapa ushindi. Jimbo likafanya mageuzi, na ndani ya mageuzi hayo ikatungwa sheria kwamba wilaya yenye wanafunzi chini ya 350 kwa miaka miwili mfululizo iunganishwe. Mwaka 2004 Lake View yenyewe ikaunganishwa na jirani. Walioshinda kesi ndio waliofutwa. Sasa mnataka kuwapa kabati? Hao walistahili shule.

Mleta mada

Nimechelewa kujibu, nilitaka nifikiri kwanza.

La Lake View limenikalisha. Ni kweli, kuna mahali ambapo kudai kabati ni kuridhika na makombo, na ninakubali kwamba nilipoandika "kufunga kunaweza kuwa sahihi" nilikuwa mwepesi mno. Jimbo hilohilo la Arkansas mwaka 2015 lilibadili sheria, wilaya iliyoshuka chini ya 350 ikaruhusiwa kuomba isiunganishwe kama inafanya vizuri. Kumbe ile namba haikuwa amri ya mbinguni. Ilikuwa ni namba tu, na shule zilizofungwa kwa ajili yake hazikurudi.

Kuhusu majina ya majenerali: kutunza si kutukuza. Rejista ya shule ya kibaguzi ni ushahidi, iwe kwenye hifadhi ambako mtafiti ataipata, si ukutani juu ya vichwa vya watoto. Azimio ninalolidai ndilo litakalolazimisha bodi kukaa na kuamua kipi kinakwenda wapi, hadharani. Leo hakuna anayeamua. Mtunza jengo anaambiwa asafishe, anasafisha.

Mwalimu, umesema waliosoma watunze vyao. Wengi wanafanya hivyo, na wanafanya kwa machozi. Lakini fikiria Hyde County, North Carolina. Mwaka 1968 bodi ilipanga kuunganisha kwa kufunga shule mbili za weusi, O.A. Peay na Davis, watoto wote waende shule zilizokuwa za weupe. Wazazi walikuwa wanataka ubaguzi uishe. Hawakutaka uishe kwa wao kufutwa. Wakawatoa watoto shuleni mwaka mzima wa masomo, wakaandamana mara mbili hadi Raleigh, makao makuu ya jimbo, watu wakakamatwa. Na shule zikabaki, zikaingiza watoto wa rangi zote. Mzazi anayemzuia mtoto wake asisome mwaka mzima, tena mzazi maskini anayejua thamani ya kusoma, hapiganii kikombe. Anadai kwamba walichokijenga wazee wake nacho kihesabiwe kuwa ni shule. Mtu kama huyo huwezi kumwambia achange fedha za kabati.

Chicago, mwaka 2015, watu kumi na wawili walikaa bila kula siku 34 kwa ajili ya sekondari moja, Dyett. Ilifunguliwa tena mwaka uliofuata. Nayo Crispus Attucks ya Indianapolis, iliyofunguliwa mwaka 1927 kwa ajili ya kuwatenga weusi, na mwaka 1955 ikawa shule ya kwanza ya weusi nchini kutwaa ubingwa wa jimbo wa mpira wa kikapu ulio wazi kwa shule za rangi zote, ilishushwa kuwa shule ya kati mwaka 1986. Jengo na jina vilitunzwa, ndani yake ikawekwa makumbusho. Mwaka 2006 ikarudi kuwa sekondari. Kama jina na vitu vyake vingekuwa vimetupwa, sijui wangerudisha nini.

Ndiyo maana sibadili msimamo, ila naurekebisha: kwanza bodi ithibitishe kwa nini inafunga, ndipo ije kwenye azimio la vitu na majina.

Dereva, nina swali kwako. Lile jengo lina mpango gani? Na jiwe lenye jina?

Mwalimu mstaafu

Marahaba, mleta mada. Kwa Hyde County sina jibu, nasema wazi. Bado nitampigia kura mwalimu wa tatu wa hesabu kabla ya kabati. Lakini rejista, hapo umenishinda. Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani alihitaji kuthibitisha kwamba alimaliza, kwa ajili ya kazi. Alizungushwa ofisi nne. Mwisho nilimwandikia barua mimi, kwa mkono, kwamba nilimfundisha.

Dereva

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa safarini na timu.

Jengo limeuzwa, aliyenunua anataka eneo, si jengo. Wamesema watabomoa likizo ya kiangazi. Juu ya jiwe niliuliza mwenyewe ofisini, wakaniambia halimo kwenye mkataba, kwa hiyo ni la mnunuzi. Nikamtafuta mnunuzi. Ni mtu mwema tu, amesema nikileta gari na watu wa kulishusha bila kuumia nichukue bure. Yule kijana wa dirishani nimemwambia. Ameshaongea na baba yake, wana trela.

Tatizo tulilobaki nalo ni mahali pa kuliweka. Shule mpya wamesema watalijadili kwenye kikao cha mwezi ujao.