Mrejesho: Nimemwambia shemeji ukweli

Wapendwa, niliwauliza kama aliyeokoka bado anapaswa kumrudia mtu ambaye yeye alimdhulumu, au toba mbele za Mungu inatosha. Kabla sijampokea Kristo nilikula pesa za mjane wa kaka yangu.

Wengi mlinielekeza kwa Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, Luka 19. Yesu hakumdai kitu, ila yeye mwenyewe alisimama akaahidi kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Lakini kilichonivunja kabisa ni waraka kwa Filemoni. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ameshaamini, na bado Paulo anamrudisha kwa bwana wake, akiandika kwamba kama kuna deni, adaiwe yeye Paulo. Imani haikumwondolea Onesimo safari ya kurudi.

Basi nikaenda, magoti yakitetemeka. Shemeji alinyamaza muda mrefu, akalia, kisha akasema alijua siku zote. Hilo liliniuma kuliko matusi. Hajatamka kwamba amenisamehe, nami sitamharakisha. Moyo ni wake. Nimeanza kulipa kidogo kidogo. Nilipopeleka awamu ya pili, kitindamimba wake alinipokea mlangoni akaniita baba mdogo, kama zamani. Asanteni kwa maombi. Endeleeni kumwombea yeye hasa.