Tupeane uzoefu: kuongea na kompyuta, inasaidia au la?

MchapajiNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Mie niko steshenari huku Ngamiani, Tanga, kutwa nachapa: barua za kuomba kazi, mikataba ya kuuziana viwanja, risala za harusi. Wateja wananiuliza mbona kwenye simu watu wanaongea tu na mambo yanakwenda, huku kwenye kompyuta bado twagonga kibodi. Nataka kujua: nani anatumia sauti kwenye kompyuta ya mezani au laptopu, na imemfaa kwa lipi? Simu tuziache pembeni.

Naanza mwenyewe. Windows 10 ilipotoka 2015 ilikuja na Cortana, msaidizi wa kompyuta unayemwamuru kwa sauti. Kiswahili hajui, kwa hiyo unamwita kwa Kiingereza, redio umezima na fotokopi umesimamisha ili akusikie. Unamwambia afungue Word, naye anakuletea kurasa za mtandaoni. Mkono wangu tayari uko kwenye mausi, kubofya mara mbili ni kazi ya kupepesa jicho. Mwaka 2023 Microsoft wakaiondoa programu hiyo kwenye Windows na kazi yangu haikupungukiwa na kitu.

Lakini kuamuru ni jambo moja, na kusoma imla ni jambo jingine kabisa. Fungua Google Docs kwa Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja, kipaza sauti kinatokea pembeni. Chagua Kiswahili cha Tanzania, ongea, maneno yanajiandika. Google waliongeza Kiswahili kwenye utambuzi wa sauti mwaka 2017. Majuzi kaja mzee kutoka Muheza, anataka barua ya mgogoro wa mpaka wa shamba. Mzee anaongea upesi, anarudi nyuma, anakumbuka jambo jingine, mchapaji anaachwa njiani. Nikamsogezea maiki. "Shamba langu la michungwa linapakana kwa upande wa kaskazini na…" yote ikaandikwa vizuri. Ilipofika jina la mahali, Kwafungo, ikaandika "kwa fungu". Nukta na mkato nikaziweka mwenyewe kwa kibodi, na majina ya majirani karibu yote nikayaandika upya. Hata hivyo muda wa kusahihisha ulikuwa mdogo kuliko ule wa kuchapa tangu mwanzo, na barua ikabaki na maneno ya mzee, mpangilio wake, hasira yake. Nikichapa mimi huwa nayalainisha bila kukusudia. Kwa hilo peke yake naitetea imla.

Haya, leteni ya kwenu.

BintiMakorora
Kaka, ofisini kwetu haiwezekani. Twakaa wengi chumba kimoja, na kazi yenyewe ni majina na namba za akaunti za watu. Nikianza kuzitamka, aliyesimama dirishani kaondoka nazo.

PwaniPicha
Natumia Mac, nahariri picha za harusi. Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, iliingia kwenye Mac mwaka 2016. Naitumia kwa vitu vidogo: kuweka kengele ya kunikumbusha picha zimemaliza kunakiliwa, au kutafuta mafaili ya wiki iliyopita huku mikono iko kwenye kazi. Kwa Kiingereza, na majina ya maharusi wetu haiyawezi. Zaidi ya hapo sina la kusifia.

MwalimuDuga
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi ni mwalimu na sioni. Nyote mwazungumzia kompyuta inayosikiliza. Iliyobadilisha maisha yangu ni inayosema. Natumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini. Aliyeianza mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, naye haoni. Kila ninapopita inanitajia: kitufe gani, mstari gani, herufi gani. Kuna sauti ya Kiswahili ndani ya eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi inayokuja nayo. Ni kavu, haina ulaini wa mtu wa pwani, lakini nimeizoesha kasi ambayo wageni wakisikia wanadhani spika imeharibika.

Kuandika naandika kwa vidole, bila kuangalia, na nachapa haraka. Nikitumia imla napata tabu ya namna yake: programu imeandika neno lisilo langu, lakini linatamkika vizuri, na sikio linalipitisha. Inabidi nirudie herufi kwa herufi. Kwa hiyo kwangu kibodi ndiyo mkono, sauti ndiyo jicho.

MamaRaskazoni
Mwalimu, marahaba, na asante. Mie nilivunjika bega la kulia kwenye pikipiki. Mkono upo ila mausi haunikubalii muda mrefu, maumivu yanapanda mpaka shingoni. Mwanangu akaniwashia Voice Access, ya kuendesha kompyuta kwa sauti, ipo ndani ya Windows 11 tangu sasisho la 2022. Ukishapakua faili la lugha, inafanya kazi bila intaneti, hivyo bando halihusiki.

Niwaeleze inavyokuwa. Nasema "show numbers", kila kitu cha kubofya kwenye skrini kinavaa kinamba. Nataka kufungua hesabu za duka, naona kinamba 7 juu yake, nasema "click 7", linafunguka. Kushuka nasema "scroll down". Pasipo kitu cha kubofya nasema "show grid", skrini inagawanyika viboksi, nachagua kiboksi, nacho kinagawanyika tena mpaka nafika ninapotaka. Ni polepole, sikatai. Lakini hesabu nazifunga mwenyewe tena, simpigii mtoto aje aniguse mausi. Kiswahili haijui, amri zote natoa kwa Kiingereza. Maelezo ya mauzo nachapa kwa mkono wa kushoto. Mtu mwenye mikono mizima anayesema kitu hiki hakina maana, aongee kwa upande wake tu.

KijanaSahare
Kuhusu Kwafungo kuwa "kwa fungu": mashine inajua ilichosikia. Mozilla wana mradi wa Common Voice, mtu yeyote anasoma sentensi kwa sauti, wengine wanasikiliza na kuthibitisha, na sauti zinatolewa bure kwa watengenezaji. Kiswahili kimo. Nimeshasoma pale na nasikiliza za wenzangu. Natamani watu wa Tanga, Pangani na Mkinga waingie kwa wingi, wasome kwa lafudhi yao ileile ya nyumbani, wasijibane kama wanasoma taarifa ya habari.

MchapajiNgamiani
Mama Raskazoni, nimekusoma mara mbili. Kuna fundi cherehani hapa jirani mwenye tatizo kama lako la bega, kesho namwonyesha hizo namba. Mwalimu, hilo la neno linalopita sikioni sikuwahi kulifikiria. Barua za imla nitakuwa namsomea mteja kabla ya kuzichapisha.

BintiMakorora
Na maiki unatumia ipi kaka? Ya laptopu yangu inasikia feni kuliko mimi.

MchapajiNgamiani
Hedifoni ya kawaida yenye maiki ya waya, iwe karibu na mdomo. Feni geuza itazame upande mwingine.