Roadster ya 2001 ya paa la turubai, bei milioni 14: niichukue? Na nianze kuirekebisha wapi?

Kijana wa Tabata

Wakuu, habari za majukumu.

Nimepata Mazda Roadster ya 2001 hapa hapa Dar, ile ya toleo la pili, taa zake haziinuki. Injini 1800, gia sita za klachi, imeshasajiliwa na kadi ina jina la muuzaji mwenyewe. Anataka milioni 14, ila nikimsikiliza anavyoongea naona atashuka. Nimeijaribu kutoka Mwenge mpaka Tegeta paa likiwa wazi, na tangu siku hiyo nalala naiota.

Niliyoyaona: rangi ya bluu imepauka kwenye boneti. Turubai limechanika kidogo upande wa dereva, pale linapokunjika. Zulia nyuma ya viti lina unyevu na harufu ya uvundo. Injini inawaka vizuri na haitoi moshi. Klachi ukiikanyaga asubuhi mara ya kwanza inazama mpaka chini, ukiipampu mara mbili tatu inarudi.

Nikishanunua nitabaki na kama milioni 6 za kuirekebisha. Ndoto yangu ni turbo, kuishusha, rimu za 17 na ekzosi. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani anasema turbo ya kutoa kwenye Subaru anaweza kuifunga.

Je, nichukue hii au niagize Japani? Hiyo milioni 6 nianze nayo wapi? Na kuna mtu humu anaishi na gari la namna hii kwenye haya matuta yetu?

Mzizima NB

Kijana, umefanya vizuri kuuliza kabla hela haijatoka. Mimi nina NB, yaani hilo hilo toleo la pili, ila ya 1600, naishi nayo Mikocheni, naiendesha kila siku, na kazi zake nyingi nazifanya mwenyewe uani. Nakwambia kwa moyo mmoja kwamba ni gari zuri sana. Lakini katika yote uliyoandika, lililonishtua ni hilo zulia.

Paa la Roadster halizuii maji yote yaishie juu yake. Maji yanateremka nyuma ya turubai, yanapokelewa na mfereji wa plastiki uliozunguka nyuma ya viti, halafu yanaingia kwenye matundu mawili, moja kila upande, pale nyuma ya mlango kwenye kona ya mkanda wa kiti. Kutoka hapo yanapita ndani ya bodi na kumwagika chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Gari likilazwa chini ya mwembe au mkungu, majani na vumbi vinaziba hayo matundu. Hapo maji yanakosa njia. Yanaingia kwenye zulia, yanaingia na ndani ya ule ukingo wa chini ya mlango, na chuma kinaanza kuliwa kutokea ndani. Nje unaona rangi inang'aa tu.

Kabla hujarudi kwa muuzaji tafuta chupa ya maji, sumaku ndogo na tochi. Inua turubai nusu, mimina maji taratibu kwenye tundu la kulia, mwenzako awe amechuchumaa nje anaangalia chini. Maji yatoke mara moja na kwa nguvu ileile uliyomiminia. Rudia kushoto. Yakichelewa, pameziba, na hilo ni la kuzibua kwa uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine ya kukatia majani. Usichokonoe kwa waya mgumu, utatoboa au kuchomoa mpira wa ndani na maji yataingia kwenye bodi moja kwa moja.

Sumaku ipitishe kwenye ukingo wa chini ya mlango, hasa kipande cha mwisho kabla ya tairi la nyuma, na kuzunguka upinde wa tairi lenyewe. Isiponata, hapo kuna puti ya kuzibia bodi, na chini ya puti kuna kutu. Halafu ingia chini mbele na tochi. Toleo la pili lina ugonjwa wake kwenye zile chesisi mbili za mbele, karibu na zinapofungiwa chuma cha kusawazisha gari kwenye kona. Chuma pale kimewekwa tabaka mbili, maji yanabaki katikati. Ukiona rangi imevimba au gamba linabanduka, mwite fundi wa kuchomelea akupe gharama kwanza, ndipo mzungumze bei. Kama chesisi zimeoza mpaka bisibisi inazama, achana nayo hata akikupa kwa milioni 7.

Fungua na buti. Betri ya gari hili inakaa huko nyuma, na ya asili ina kimpira cha kutolea hewa yake nje ya gari. Watu wengi huku wakibadilisha wanaweka betri yoyote inayoenea, kimpira kinabaki kinaning'inia, na ule mvuke wa asidi unakula buti polepole.

Klachi isikutishe. Dalili ulizotaja ni silinda ndogo ya chini ya klachi inayovuja, tatizo la kawaida mno kwenye hizi gari na si ghali. Badilisha ya chini na ya juu kwa pamoja, mafuta mapya, toa hewa, umemaliza.

Muulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Unaenda kilomita 100,000. Asipokuwa na jibu la uhakika, hesabu kwamba haujabadilishwa, na ukifungua badilisha na pampu ya maji kwa sababu ukishafika huko pampu ipo mbele ya macho yako.

Kuagiza: ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa, na gari lililozidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu. Ingiza kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, uone mwenyewe. Kwa umri huu, lililopo hapa likiwa na bodi nzima ndilo la kuchukua. Thibitisha tu namba ya chesisi inaanza na NB8C. Ikianza na NB6C hiyo ni 1600, na bei ibadilike.

Sasa milioni 6. Ningeanza na maji, kisha kutu, paa, mkanda na rejeta, kisha bushi na shokapu. Ikibaki chenji, matairi mazuri. Turbo isubiri. Hiyo 1800 ya kuanzia nusu ya pili ya 2000, kwa soko la Japani, ilitoka kiwandani na nguvu farasi 160 ikisukuma gari la tani moja na kidogo tu. Bushi zake zikiwa hai na shokapu zikiwa nzima, utaona kona ya kawaida tu inakufurahisha. Wengi wanaonunua hizi gari hawajawahi kuionja ikiwa nzima, wanakimbilia kuiongezea nguvu ikiwa mgonjwa.

Boost Mbezi

Mzizima nakuheshimu lakini hapo kwenye turbo unamkatisha tamaa kijana. Hii injini ni chuma. Injini za aina hii, zinaitwa BP, zilikuwepo kwenye Mazda Familia na 323 za turbo kutoka kiwandani. Akifunga turbo ndogo, presha ya chini, nozeli kubwa, intakula ya kupozea hewa ya turbo na kompyuta inayoweza kupangwa, atafika farasi 200 bila kufungua injini.

Mzizima NB

Boost, kwenye uimara hatubishani. Ila orodha uliyotaja mwenyewe, nozeli, intakula, kompyuta na mtu wa kuipanga, haiingii kwenye milioni 6 pamoja na gari lenye zulia bichi.

Na kuna jambo la joto. Injini hii asili yake ililala kwa ubavu kwenye gari za kuvuta mbele. Walipoigeuza ikae kwa urefu ndani ya Roadster, njia ya maji ya moto kutoka ikahamishiwa mbele, upande uleule yanakoingilia. Silinda ya nne, ya nyuma kabisa, inapata mzunguko hafifu wa maji. Ukiendesha kawaida huoni shida. Ukiongeza turbo, kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, ndiyo inayoanza kuumia. Ndiyo maana wanaofunga turbo sawasawa wanahamisha njia ya maji irudi nyuma. Kijana muulize huyo fundi wa Gerezani silinda ya nne ataipozaje. Akikujibu vizuri, huyo ni fundi, mtunze kwa baadaye.

Kijana wa Tabata

Mungu awabariki wote. Na kushusha je? Na zile rimu za 17?

Mzizima NB

Usikate springi, nakuomba. Shokapu za gari hili zina safari fupi kati ya kukaa kwake kwa kawaida na ile raba ya kugotea. Ukikata springi, gari linakaa juu ya raba muda wote, kila tuta linapiga uti wa mgongo wako na wa gari. Likiwa na kimo chake cha asili, springi na shokapu mpya, matuta unapita kwa kuyaendea kwa mshazari, taratibu. Ekzosi itagusa mara mojamoja, hasa yale matuta ya mtaani waliyojijengea wananchi wenyewe.

Rimu, baki na 15, tairi 195/50. Kuna faida ambayo wengi hawaijui: boliti nne kwa nafasi ya milimita 100 na tundu la katikati la milimita 54.1 ni vipimo vilevile vya Vitz na IST ya toleo la kwanza. Kwa hiyo pale Ilala hukosi rimu. Ijaribishe kwanza ikiwa imefungwa, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote, uone haigusi kitu.

Ukimaliza bushi peleka alaimenti, na mwambie fundi kwamba matairi ya nyuma nayo yanapangwa, si ya mbele tu. Zile boliti za kupangia zikiwa zimeganda kwa kutu, zipuliziwe mafuta ya kulegezea siku moja kabla. Wakilazimisha siku hiyohiyo wanazikata.

Nairobi Wazi

Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mna bahati. Huku gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hivyo NB zilizopo ni zile ziliingia zamani, na mwenye nayo haiachilii. Anayetaka kuagiza anaangalia hili toleo la nne lililoanza kutoka 2015, na bei yake ni ya mtu mwingine kabisa. Kama chesisi ni nzima, chukua hiyo.

Fundi Turubai

Nashona viti na mapaa ya magari, hii ndiyo kazi yangu, niongezee kwenye paa.

Kijana, mchaniko wa pale linapokunjika ukishonwa hudumu muda mfupi tu, kwa sababu ndipo panapobeba mkunjo kila ukifungua. Kama ni chini ya urefu wa kidole, kiraka kwa ndani na gundi nzuri kitakuvusha masika moja ukijipanga. Baada ya hapo ni turubai jipya. Toleo la pili lina kioo halisi nyuma, chunguza kinaposhikana na turubai, mara nyingi panaachia kwenye kona za chini.

Wakati wa kubadilisha, sehemu ya hatari ni ule mfereji wa plastiki aliousema Mzizima. Umeshikwa pamoja na turubai kwa ribiti, na bodi inaubana kwa mabati membamba yenye nati nyingi nyuma ya zulia. Ukiwa wa zamani umekauka, fundi akivuta kwa haraka unapasuka, na ukishapasuka paa jipya litavuja kuliko la zamani. Msimamie. Nati zote zitoke kwanza, ndipo ainue, na ainue pande zote pamoja.

Usikunje paa likiwa bichi. Liache limesimama likauke, ndipo ulilaze.

Kijana wa Tabata

Nimerudi. Nimeenda na chupa ya maji na sumaku. Kulia maji yalisita, yakatokea kwenye zulia. Kushoto yakatoka vizuri. Ukingo wa chini ya mlango upande wa kulia sumaku haikunata kipande cha kama kiganja. Chesisi za mbele ni nzima, fundi wa kuchomelea ameingia chini na kugonga zote mbili. Namba ni NB8C. Muuzaji aliposhuhudia maji yakiingia ndani ameshuka mpaka 11 na nusu. Swali la mwisho: bima kubwa wanakubali?

Mzizima NB

Milioni 11 na nusu na chesisi nzima, lipa. Lakini malipo na kubadilisha umiliki TRA vifanyike siku moja, naye akiwepo.

Bima kubwa, kampuni nyingi zitataka kulikagua na kulithamini kwanza kwa sababu ya umri. Nenda baada ya kuchomelea ukingo na kuweka paa, ukiwa na picha na risiti, thamani itapanda. Kila ulichobadilisha kiandikwe kwenye mkataba, rimu mpaka ekzosi. Na ukipaka rangi tofauti na iliyo kwenye kadi, TRA ijulishwe kadi ibadilishwe. Jumamosi mimi nipo nyumbani, uzi wa kuzibulia ninao, lete gari tuanze na tundu la kulia.